Tundu la bati lilivyonifundisha jua

Kibanda changu cha kutengeneza simu kipo Mwanga, hapa Kigoma. Bati lake lina tundu moja la msumari, kosa la fundi aliyeezeka. Kila siku jua likipanda, kiduara cha mwanga hutua sakafuni na kutambaa polepole. Nilikiona miaka mingi bila kukijali.

Tarehe 1 Septemba 2016 kiduara kile kikamegeka. Wenzetu wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliona pete kamili. Kwetu mwezi ulilimega jua likabaki hilali. Nje watu waligombania vipande vya filamu za eksirei (msifanye hivyo, macho hayana spea), na Ujiji wengine walikwenda kuswali swala ya kupatwa kwa jua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikitazama hilali kwenye saruji yangu. Nikatoka hadi kwenye mwembe wa jirani: chini kumejaa hilali tele, kila upenyo wa majani na yake. Tundu la bati limechanika ovyo, halina umbo la maana, lakini mwanga wake siku zote ni duara. Kumbe muda wote nilikuwa napewa picha ya jua lenyewe.

Nikaamua kulipima. Nilishika karatasi nyeupe, nikaiinamisha hadi mwanga ukaacha kuwa yai. Kutoka tunduni hadi kwenye karatasi ni mita 2.7, na kiduara kilikuwa na milimita 29. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo hesabu ikanipa kipenyo cha kilomita milioni 1.61. Vitabu vinasema milioni 1.39. Jioni nikamfuata mzee mmoja aliyewahi kufundisha fizikia.

"Shikamoo, mwalimu. Jua langu limevimba."

"Marahaba. Tundu lenyewe umelitoa?"

Sikuwa nimelitoa. Tundu lina milimita 4, nalo huongeza upana wake kwenye picha. Nikabaki na milimita 25, nikarudia hesabu: milioni 1.39. Usiku ule sikulala mapema.

Kilichonisumbua baadaye ni taji, yaani ule utando wa gesi unaolizunguka jua. (Wataalamu huuita korona, ila tangu 2020 ukilitaja jina hilo kijiweni watu wanasogea mbali.) Mbona sikuuona mwaka 2016? Kwa sababu mwanga wake ni dhaifu kuliko wa uso wa jua kwa karibu mara milioni moja. Likibaki hata ukingo mwembamba wa jua, taji linamezwa. Ndiyo maana wanasayansi walisafiri mbali kufuata dakika chache za giza kamili. Mwaka 1868, Mfaransa Janssen alikwenda India kuchunguza kupatwa kwa jua, na katika uchunguzi wa mwaka huo, wake na wa Mwingereza Lockyer, ukajitokeza mstari wa njano (mwanga ukitawanywa rangi zake, kila elementi huwa na mistari yake) usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ndiyo heliamu, iliyogunduliwa juani kabla ya kupatikana duniani. Mwaka uleule wa hilali yangu, watafiti walitangaza kwamba gesi hiyo ipo kwa wingi bonde la Rukwa, kusini mwetu hapa!

Mwaka 1869 ukaonekana mstari wa kijani kwenye taji. Ulikaa miaka sabini bila maelezo. Jibu likaja kuwa ni chuma kilichonyang'anywa elektroni 13, jambo linalohitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Uso wa jua una kama 5,500 tu. Ukienda mbali na moto, joto linaongezeka! Bado wanabishana jinsi linavyopandishwa huko juu.

Siku hizi kupatwa sikungoji. Chombo cha angani cha SOHO kilirushwa mwaka 1995, kina kisahani kinacholiziba jua, na picha zake nazifungua kwenye simu nikisubiri wateja. Mwishoni mwa 2024 vikarushwa viwili vya Proba-3: kimoja hulikinga jua, kingine hupiga picha kikiwa kivulini mwa mwenzake, mita 150 nyuma.

Mei 2024 niliazima darubini ya macho mawili ya mjomba, nikaziba jicho lake moja, nikaelekeza jua liangukie kwenye karatasi. Kuchungulia ndani yake ni kupofuka, kwa hiyo niliwafukuza watoto. Likatokea kundi la madoa meusi, upana wake kama dunia 15 zilizopangwa. Nikafungua picha ya siku hiyo ya SDO, chombo kingine cha angani kinacholitazama jua, nikaweka simu kando ya karatasi. Madoa yaleyale, ila yangu yamepinduka.

Mwezi uliopita fundi alikuja kuziba bati kabla ya mvua. Nilimwonyesha tundu la kuacha. Mvua ikinyesha, naweka kopo.