Kulabu za mbele ni za yule atakayekuja kunivuta

Jumapili, Arusha

Breketi, yaani vyuma vya mbele vya kufungia kamba gari likivutwa, zimefungwa. Land Cruiser yetu, HZJ75 ya miaka ya tisini, pikapu yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, sasa ina kulabu mbili za mbele ninazoweza kumwonyesha mtu bila wasiwasi. Nilitaka kuandika habari hii tangu masika yaliyopita, nikasubiri kwanza kazi iishe.

Tukizungumzia kulabu za kuvutia gari, mazungumzo huanzia kwa mwenye gari: atatokaje matopeni. Mimi siku hizi ninaanzia kwa mtu mwingine. Dereva aliyekwama yuko kwenye kiti chake, amefunga mkanda, mbele yake kuna boneti na injini nzima. Anayeweka maisha yake rehani ni yule aliyesimama kwa hisani, akashusha kamba yake, akaifunga, kisha akapanda gari lake akakupa mgongo. Kulabu ikichomoka inasafiri na kamba kumfuata yeye. Inapita kioo cha nyuma. Na pembeni wapo vijana waliokuja kusukuma, na watoto waliokuja kutazama, kwa sababu gari likikwama kijijini watoto hawakosekani. Hao wote hawakunishauri nilipokuwa nachagua bolti. Wanaamini tu kwamba kitu kilichoning'inia mbele ya gari langu kinafaa kuvutwa.

Gari hili linafanya kazi njia ya Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Kiangazi njia ni vumbi na mawe, gari linatikisika mpaka nati zinalegea, lakini linapita. Masika ni habari nyingine. Kuanzia Machi mpaka Mei makorongo yanashusha maji kutoka ukuta wa Bonde la Ufa, na pale penye udongo mweusi wa mbuga hakuna dereva wa kujitapa. Ule udongo ukilowa unavimba, unajaza nafasi zote za kashata za tairi, tairi linabaki laini na kuzunguka bure. Gari likishalalia ekseli huvuti tena uzito wake peke yake. Unavuta na tope lililogandia chini, na ule mnyonyo wa udongo usiotaka kuachia. Land Cruiser kama hii tupu ina uzito wa karibu tani 2, ikipakiwa inafika kama tani 3, na kuling'oa mahali kama hapo kunaweza kudai nguvu inayozidi uzito wote huo. Nguvu yote hiyo inapita kwenye chuma cha ukubwa wa kiganja na bolti chache.

Gari lilipokuja mikononi mwetu, kwenye bampa kulikuwa na kipande cha nondo kilichokunjwa na kuchomelewa. Mtapata nondo za namna hii kwenye nusu ya pikapu mnazoziona barabarani. Ukiitazama inaonekana imara, nene, imepakwa rangi nyeusi. Lakini nondo ni chuma cha kukaa ndani ya zege, hakuna anayejua hiyo imetoka jengo gani, na pale ilipochomelewa bampa lenyewe ni bati lililokunjwa. Ukivuta kwa nguvu ya kweli, bampa linakuja na nondo yake.

Kosa la pili linafanywa na watu makini kabisa. Magari mengi ya Japani yana vitanzi vyembamba chini ya pua, mtu anaviona na kusema kiwanda kimeshamfanyia kazi. Vingi vya vitanzi hivyo ni vya kufungia gari sakafuni mwa meli lisicheze njiani. Vinashikilia gari lililosimama. Kuling'oa kwenye korongo si kazi yake. Na nyuma, ule mpira wa chuma wa kuvutia tela haufungiwi kamba ya kunasulia hata siku moja. Ukikatika unaondoka kama risasi, na umeshaua watu. Hapo sitaki mjadala na mtu.

Kwa hiyo breketi. Binamu yangu anayefanya kazi Dubai alinibebea, akalipia uzito wa ziada uwanja wa ndege na bado hajaniambia ni kiasi gani. Ni mbili, ya kushoto na ya kulia, za bamba la chuma la milimita 10. Kilichonivutia ni jinsi zinavyokaa: kila moja inashika chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) kwa chini na pia ubavuni, hivyo ukivutwa kwa pembeni kidogo (na porini nani anavutwa moja kwa moja?) breketi haibaki kujipinda kwenye safu moja ya bolti. Jicho la mbele ni pana, linapokea kile chuma cha umbo la U kinachofungwa kwa pini, na kingo zake zimesuguliwa zisile kamba. Uwezo wa mzigo umechongwa kwenye bamba lenyewe. Kibandiko kingekuwa kimeshabanduka kabla ya masika ya pili.

Kufunga vyuma hivi kulichukua muda mfupi. Kazi kubwa ilikuwa kung'oa vya zamani.

Bolti za kiwandani zimekaa kwenye chesisi hiyo karibu miaka thelathini, katika maji, magadi ya Ziwa Natron na vumbi. Mzee wa gereji, ambaye ameshika spana tangu enzi za Land Rover zile za zamani, alizipaka mafuta ya kulainisha kutu jioni, akazipaka tena asubuhi, kisha akapiga kila kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi ya kuamsha. Kijana wake alishafunga bomba refu kwenye spana namba 17, tayari kulalia. Mzee akamzuia.

"Acha kwanza. Ikikatikia humo ndani, kesho tunakata chesisi."

Maana nati zake zimechomelewa ndani ya chesisi, mkono hauzifikii. Akaleta gesi, lakini kabla ya kuwasha akakagua bomba la breki linapita wapi na kulifunika kwa bamba la bati. Akapasha pale penye nati, akazima, akasubiri. Kisha robo mzunguko mbele, nusu ya hiyo nyuma, mafuta tena, robo nyingine. Kila alipoirudisha nyuma ungaunga wa kahawia ulidondoka kwenye kifua cha shati lake. Ilipoanza kuzunguka kwa mkono aliifuta kwa kitambaa, akainyoosha kwenye mwanga na kuniambia nitazame meno: katikati yalikuwa yamelika, yamekuwa membamba kuliko kwenye ncha. "Hii ndiyo ulikuwa unavutiwa nayo, mwanangu." Nimeiweka kwenye dashibodi.

Matundu yalipobaki wazi tukapata nafasi ya kuikagua chesisi, na kwangu hiyo ndiyo faida ya kazi nzima. Breketi mpya kwenye chesisi iliyooza ni kumdanganya yule mtu wa kamba. Mzee aligonga kwa nyundo ndogo kuanzia puani kuelekea nyuma, huku akisikiliza. Kushoto chuma kililia vizuri mpaka mwisho. Kulia, karibu na boksi la usukani, sauti ikabadilika, ikapwaya kama mtungi wenye ufa. Hapo niliogopa. Boksi la usukani linashikiliwa na chuma hicho hicho. Tukamulika kwa tochi kupitia tundu, tukaingiza waya, waya ukatoka na tope. Kumbe ndani ya chesisi mlikuwa mmeshindiliwa udongo wa miaka, mkavu, mgumu kama tofali. Tulimwaga maji ya presha mpaka yakatoka meupe upande wa pili, tukagonga tena, chuma kikalia. Kutu ilikuwepo, ya juu juu, hakuna tundu wala ufa. Lakini udongo ule ungebaki, ungeendelea kushika unyevu na kuila chesisi kutokea ndani, na mimi nje nikiipaka rangi.

Ninalotaka wenye Toyota za zamani walijue ni la bolti. Bolti za milimita 12 za Toyota sehemu hizi zina meno madogo, hatua ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba bolti ya kumi na mbili utapewa ya 1.75, kwa kuwa ndiyo ya kawaida madukani. Zinafanana. Ya duka itaingia mizunguko miwili kisha itakaza, na mwenye haraka atachukua spana ndefu ailazimishe, ataua meno ya nati iliyo ndani, na tangu siku hiyo kila bolti atakayoweka itakuwa imeshika nusu. Ukikazia kwa nje itaonekana sawa kabisa. Sisi tulisafisha meno ya ndani kwa tapu ya 1.25 (chuma cha kuchongea meno ya nati), taratibu, kwa mafuta, mpaka bolti mpya ikaingia kwa vidole hadi mwisho.

Kichwani mwa bolti mna maandishi. 8.8 maana yake chuma kinahimili mvuto wa megapaskali 800 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, na kinaanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo. 10.9 ni megapaskali 1,000 na asilimia 90. Hizi zilizokuja na breketi ni 10.9. Bolti isiyo na namba kichwani iache ifunge kiti cha mbao.

Kijana alipoona zimeingia akasema, kwa nia njema kabisa, "Mkuu, tuzipige na moto kidogo kwa usalama?" Hapa kwetu kuchomelea ndiyo dawa ya kila kitu, na sikumshangaa. Mzee akamweleza vizuri. Bolti ya 10.9 imepata ukali wake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Ukiichoma unaurudisha nyuma, inabaki na namba kichwani lakini chuma ni kingine. Tena kilichochomelewa huwezi kukifungua mwakani ukakitazama.

Tulikwangua rangi nene pale breketi inapolalia chesisi, tukaacha rangi nyembamba ya kuzuia kutu tu. Rangi nene ikibanwa inajisogeza na kunyauka, mkazo unapungua bila bolti kuzunguka. Na mkazo ndio unaofanya kazi yenyewe: bolti moja ya milimita 12 ikikazwa sawasawa inabana vyuma viwili kwa nguvu ya tani kadhaa, na ni msuguano huo unaoshika mzigo, bolti isianze kukatwa ubavuni. Tulikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyutoni mita 120 kama karatasi yake ilivyoagiza, kwa kupokezana kushoto na kulia. Mwisho nikachora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye bamba. Mstari ukivunjika nitajua bolti imezunguka, hata nikiwa nimeinama njiani na tochi ya simu.

Kulabu mbili zinatumika pamoja. Nimenunua kamba fupi pana ya kupita kwenye macho yote mawili, ya mvutaji inafungwa katikati yake, ili pembe zote mbili za chesisi zigawane. Ila kamba hiyo isiwe fupi mno. Pande zake zikifanya pembe ya digrii 60, kila upande unabeba karibu asilimia 58 ya mzigo. Ukizibana mpaka zikafungua digrii 120, kila upande unabeba mzigo wote, na umeshapoteza faida ya kuwa na mbili. Vyuma vyangu vya pini vimeandikwa tani 4.75. Kuna vya nusu bei visivyoandikwa kitu, nimeviacha dukani.

Na mnyororo, ndugu zangu, tuuache kwa kazi ya kusomba magogo. Hauna mnyumbuko, ukishtuliwa nguvu yote inafika kwa mkupuo mmoja. Kamba ya nailoni ya kunasulia inanyumbuka na kukuvuta kwa kukua, lakini nayo inahifadhi nguvu nyingi ndani yake, ndiyo sababu inadai kulabu ya kweli kuliko hata mnyororo. Katikati yake tunatandika turubai zito ili ikikatika idondoke chini.

Jioni nilimpigia simu dereva wa trekta wa Engaruka, mzee wa watu ambaye masika yote hutuvuta sisi na wenzetu, mara nyingine kwa soda tu. Nilimwambia ile nondo imetoka. Akafurahi, akasema alikuwa haipendi, ila alishindwa kunikatalia nikiwa matopeni na abiria. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa nifunge wapi?"

Nikamweleza: pande zote mbili, kwa kamba fupi iliyo nyuma ya kiti changu, avute polepole kwa gia ya chini, asishtue. Watoto warudi nyuma kabisa, mbali kuliko urefu wa kamba. Akasema hilo la watoto nimwachie yeye, wanamwogopa.