Siku moja maishani mwangu: risiti tatu na hela ya kirikuu

Saa 11 alfajiri. Niko soko la Ilala, nanunua mboga za mgahawa. Huku tenga la nyanya lina bei yake na fungu la bamia lina bei yake. Nalipa, naondoka.

Saa 3 asubuhi. Nafungua daftari. Muuza nafaka hutuletea mchele na maharage mpaka mlangoni, ila huandika jumla tu. Juzi: mchele kilo 20, maharage kilo 6, shilingi 72,000. Jana: kilo 15 na kilo 9, shilingi 67,500. Mama mwenye mgahawa anataka bei ya kilo ili apange bei ya sahani. Kilo ya mchele naiita m, ya maharage naiita h.

20m + 6h = 72,000
15m + 9h = 67,500

Mlinganyo wa kwanza mara 3, wa pili mara 2, maharage yanalingana: 18h. Natoa, inabaki 30m = 81,000. Mchele 2,700, maharage 3,000. Bahati nzuri uwiano wa kilo ulibadilika. Jana angeleta kilo 10 na kilo 3 kwa 36,000, ingekuwa risiti ileile iliyokatwa nusu, na hapo hakuna cha kutafuta.

Saa 5. Mzigo wa leo: kilo 10 kwa 10, shilingi 58,000. Kwa bei zile ilipaswa kuwa 57,000.

"Kaka, bei imepanda?"

"Hapana dada, ni zilezile. Hela ya kirikuu imo humohumo, kila safari."

Kirikuu ni kile kigari kidogo cha kubebea mzigo. Basi visivyojulikana ni vitatu, na risiti ninazo tatu.

Saa 7 wateja wamejaa, kalamu naiweka.

Saa 9 alasiri. Hela ya kirikuu naiita k, naiongeza kwenye kila mlinganyo. Uzuri wake ni kwamba ukitoa risiti moja kwenye nyingine, k inajiondoa yenyewe:

5m − 3h = 4,500
5m − h = 9,500

Kwa hiyo 2h = 5,000. Maharage ni 2,500, mchele 2,400, kirikuu 9,000! Wachina wa kale walitafuta hivihivi mazao ya mafungu ya nafaka ya madaraja matatu, katika Jiuzhang Suanshu, kitabu cha hisabati ambacho mwanahisabati Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263.

Saa 11 jioni. Namwonyesha mama daftari. Nauli haijali kilo, inajali safari. Anapiga simu palepale: kuanzia kesho, mzigo wa siku mbili uje kwa kirikuu kimoja.