Abiria kumi na mmoja

Kijana wa duka la kukodisha ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, aliniuliza kilo zangu. Nikasema 71. Akauliza urefu, umri, na kama najua kuteleza au ndiyo kwanza. Nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kubabaisha kwamba natoka Bukoba. Kwake halikuwa jibu, ila mimi niliona linatosha. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kifungio cha kisigino, akachungulia namba kwenye kidirisha chake, akazungusha tena kidogo. Shemeji akanieleza kwamba hiyo namba ndiyo inayoamua ski itachomoka mguuni wakati gani. Ikikazwa mno, unaanguka nayo na goti ndilo linalolipa. Ikilegezwa mno, inakuacha ukiwa bado mwendoni.

"Kwa hiyo hapa wananipimia namna ya kuanguka," nikasema.

"Ndiyo," akasema shemeji, hata hakutabasamu. "Kwa sababu utaanguka."

Ilikuwa Februari 2016. Nilikuwa nasoma Freiburg, Ujerumani, na dada yangu ameolewa Uswisi, mji wa Thun, pale mto Aare unapotokea ziwani. Huko kwao, jimbo la Bern, shule hufungwa wiki nzima katikati ya baridi ili watoto wakacheze kwenye theluji. Dada aliponiambia kuna likizo ya michezo nilidhani ananitania. Wakapanga nyumba ndogo Wengen, kijiji kilichoning'inia mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, wakanipigia simu: njoo, kitanda kipo, ni kifupi.

Hakuna barabara ya magari inayofika Wengen. Gari unaliacha bondeni Lauterbrunnen, kisha unapanda treni ya meno inayokwea kwa kung'ata reli. Kila kitu kinapanda nayo: maziwa, mabegi, na siku ile niliona hata jokofu jipya la mtu limefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Nilipenda hapo hapo. Nchi nzima ya kitajiri namna hii, na bado jokofu linasafiri na abiria.

Theluji yenyewe nilikuwa naijua kwa macho, maana nilishapanda treni na mabasi ya Ujerumani miezi mingi. Nisichokijua ni viatu. Viatu vya ski ni plastiki ngumu yenye vishikizo vinne vya chuma, na ukishavifunga huwezi kusimama wima wala kukaa. Unabaki umeinama mbele kama mtu anayetaka kunong'oneza jambo. Kutoka dukani hadi kwenye kilima cha wanaojifunza ni hatua kama 200. Nilizihesabu zote kwa jasho, nyuzi joto zikiwa chini ya sifuri.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu, miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo.

"Mjomba, piza! Fanya piza!"

Piza ndiyo breki. Ncha za mbele za ski unazikutanisha, visigino unavisukuma nje, inatokea pembe kama kipande cha piza. Ukiziweka sambamba, hizo ni chipsi, na chipsi ndiyo mwendo. Watoto wa huko hufundishwa hivyo, na nakiri sijawahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo ya jambo gumu kuliko hilo. Shida ni kwamba miguu yangu ilikuwa chipsi tupu. Nilishuka kile kilima, ambacho kwetu tungekiita njia ya kwenda mtoni, nikipiga kelele kwa Kihaya, hadi wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa uliponipokea. Ski ya kulia ilichomoka kama ilivyopangiwa dukani. Ya kushoto ikabaki. Mpwa akaja taratibu, akakata kona mbele yangu, akanirushia vumbi la theluji usoni.

"Mjomba, umesahau piza."

Siku mbili zilikwenda hivyo. Siku ya tatu nilikuwa naweza kusimama bila wavu, wakanipandisha kwa treni hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, wao wateleze, mimi nikae juani na dada. Ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger umesimama pale karibu kiasi kwamba unanyanyua shingo kuona mwisho wake. Ndani ya mlima huo huo kuna treni. Walianza kuchimba mwaka 1896, wakafika kituo cha juu kabisa, Jungfraujoch, mita 3,454, mwaka 1912. Niliangalia bei ya tikiti, nikaamua kwamba mlima unaonekana vizuri zaidi ukiwa nje yake.

Dada akatoa kopo la senene. Mama alikuwa amelituma kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi Freiburg, na mimi nilikuwa nimeapa nisilifungue hadi nifike kwa dada. Tukala pale kwenye benchi, na watu wanapita na ski mabegani. Shemeji aliporudi hakuuliza chochote, alivua glavu akachota mkono mzima. Huyu bwana huwa anawala kuliko sisi. Nilimtazama nikasema moyoni, basi, mahari ilikwenda kwa mtu sahihi.

Usiku huo paa likaanza kudondosha maji. Nilidhani bomba limepasuka. Asubuhi nikafungua dirisha, upepo wa moto ukanipiga usoni, upepo wa Desemba wa kwetu, ndani ya Februari ya Uswisi. Shemeji akasema ni Föhn. Upepo huo hutoka kusini, unapanda milima ukiwa na unyevu, mvua na theluji vinabaki ng'ambo, kisha unaporomoka upande huu ukiwa mkavu, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi joto. Wenyeji husema unawaumiza kichwa. Zamani uliunguza vijiji: Meiringen, ng'ambo ya ziwa Brienz, uliteketea mwaka 1891 moto ulipozuka upepo huo ukivuma. Lifti zote za juu zikafungwa. Theluji ikawa uji. Mpwa akalia, mimi nikashukuru kwa siri.

Jioni dada akasema, akiwa amenipa mgongo anaosha vikombe, "Upepo ukitulia kesho tunashuka. Treni hadi Spiez, halafu tunachukua meli hadi Thun. Mtoto anapenda meli."

Alinipa mgongo makusudi. Alijua.

Mei 1996 nilikuwa darasa la tatu. MV Bukoba ilitoka kwetu Jumatatu jioni, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21, imebakiza kidogo kufika Mwanza, ikapinduka. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Hilo nchi nzima inalijua. Mwalimu wetu wa darasa alikuwamo. Tulipewa mwalimu mwingine baada ya maombolezo, mama mmoja mpole, akafungua daftari lile lile la mahudhurio. Mimi nilikaa dawati la mbele, nikaliona. Hadi Ijumaa tarehe 17 alama zilikuwa za kalamu nyekundu, vistari vidogo vilivyolalia kulia. Baada ya hapo zikaanza za bluu, zimesimama.

Mama hakutukataza meli kwa maneno. Aliacha tu kuitaja. Kwenda Mwanza kukawa ni basi, Biharamulo, Geita, vumbi hadi kwenye nyusi. Pale Busisi, ambapo siku hizi kuna daraja, ilikuwa lazima tuvuke kwa pantoni, na mimi nilivuka nimesimama katikati kabisa, nimefumba macho, hata nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye ndevu. Meli yenyewe sikupanda tena. Miaka 20 kasoro miezi mitatu.

Spiez ni mji mdogo wenye ngome na mashamba ya mizabibu yanayoteremka kuelekea bandarini, na nyuma yake mlima Niesen umekaa kama mtu ameuchonga kwa rula. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya chupa. Nilipanda ubao wa kuingilia nikiwa nimeshika mkono wa mpwa. Mtu angetazama kwa mbali angesema mjomba anamwongoza mtoto.

Nikaanza kuhesabu. Kizee na mbwa wake. Wazee wawili, mume na mke, na thermosi. Kijana na baiskeli. Wasichana watatu wenye vitabu. Sisi wanne. Kumi na mmoja, mabaharia siwahesabu. Kisha nikatafuta kibao cha idadi ya abiria wanaoruhusiwa, kilikuwepo, ni mamia. Kisha nikatafuta makoti ya kuokolea maisha, nikaona mchoro unaoonyesha yalipo, nikaenda kuhakikisha kwamba kweli yapo.

"Mjomba, unahesabu nini?"

Sikuwa na jibu. Dada akanijibia huku anafunga skafu ya mtoto. "Mjomba anaita mahudhurio."

Tukatazamana na dada. Sikuwahi kumwambia habari ya lile daftari. Yeye wakati ule alikuwa sekondari ya bweni. Mpaka leo sijui kama alisema kwa kubahatisha.

Shemeji, kwa nia njema kabisa, akaanza kunisimulia ziwa. Lina kina cha mita 217. Dada akamkanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kumeza hili zaidi ya mara elfu moja, kina chake ni mita 80 na kitu. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimekamata nguzo. Ndipo akanionyesha taa moja kwenye mlingoti ufukweni. Ikiwaka mara 40 kwa dakika, maana yake upepo unakuja, chukua tahadhari. Ikiwaka mara 90, dhoruba, toka ziwani. Ziko kuzunguka ziwa zima, na kila anayemiliki hata mtumbwi anazijua. Siku ile ilikuwa imezimika. Milima yote niliyoionyeshwa wiki ile, Eiger, Mönch na Jungfrau, ikiwa imejipanga nyuma yetu myeupe kwa myeupe, haikunishika kama ile taa iliyozimika. Niliitazama hadi ikapotea.

Mwendo haukufika saa moja. Tulipita ngome ya Oberhofen yenye kimnara kinachochungulia majini, bata wakatusindikiza, mpwa akalala kifuani kwangu na viatu vyake vya theluji vikanilowesha suruali. Nilikuwa nimeiachia ile nguzo bila kujua ni saa ngapi. Meli ikaingia kwenye mfereji mwembamba, nyumba pande zote mbili karibu kuzigusa, ikaegesha pembeni mwa stesheni ya treni ya Thun. Unashuka melini, unavuka, unapanda basi.

Usiku tukampigia Mama. Nilikuwa nimemtumia ile video ya wavu wa chungwa, akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama ule wavu nimeulipia. Kisha dada akachukua simu akasema, "Mama, leo tumepanda meli. Na yeye kapanda."

Kule kukawa kimya. Nikasikia redio ya jirani, na mbwa.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza Mama.

"Kumi na mmoja," nikasema.

"Na mizigo?"

"Hakuna mizigo, Mama. Baiskeli moja."

"Baiskeli moja," akarudia polepole. Halafu akaniuliza kama wale senene walifika wakiwa wakavu.