Hati ya Hillel na Mwaka wa Maachilio

Kila nisomapo sura ya 15 ya Kumbukumbu la Torati, inayoamuru madeni yafutwe kila mwaka wa saba, humkumbuka Hillel, mwalimu wa Yerusalemu zama za Herode, aliyeona wenye mali wakikataa kuwakopesha maskini kwa kuhofia hasara. Hakuifuta amri, aliweka hati iitwayo prozbuli, ambayo kwayo mdai huyakabidhi madeni yake kwa mahakama, na kwa kuwa katazo la kudai humhusu mtu binafsi, deni hubaki hai. Wapo wanaoiita hila. Mimi naona vingine, maana sura hiyohiyo inakataza kumnyima maskini mkopo eti maachilio yamekaribia, na amri hiyo ya pili, iliyokuwa ikivunjwa waziwazi, ndiyo Hillel aliyoinusuru.