Vikomo vilivyojaa katikati ya jeni ya mitokondria ya vyura: jinsi nilivyotatua

Kama unachora mti wa ukoo wa vyura kwa saitokromu b (jeni ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati), na kila mfuatano wa DNA unakatika-katika ukiutafsiri kuwa protini, soma hapa kabla hujarudi maabara.

Kodoni za kikomo (herufi tatu-tatu za DNA zinazoamuru protini iishie hapo) zilijaa katikati ya jeni, spishi zote. Nilitoa DNA upya, nikarudia PCR (kunakili DNA mara nyingi), nikabadilisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili huko). Wapi! Nikashuku nakala za jeni hiyo zilizohamia kwenye kiini cha seli. Hilo hutokea kweli, ila lisingegusa kila sampuli mahali palepale.

Nikaangalia herufi zenyewe. Karibu kila "kikomo" kilikuwa TGA. Katika msimbo wa kawaida, TGA husimamisha protini. Katika mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, ni triptofani, moja ya asidi amino zinazounda protini. Programu ya kutafsiri ilikuwa kwenye jedwali namba 1, la msimbo wa kawaida. Nikachagua namba 2, la mitokondria ya wanyama hao, nikahakikisha usomaji unaanzia herufi ya kwanza ya kodoni, na asidi amino zikaserereka hadi mwisho. (Humo AGA na AGG ndizo vikomo, usishtuke.)

Mfuatano mmoja ulibaki na TAA katikati, ambayo ni kikomo hata kwenye jedwali namba 2. Huo niliutoa, ndio ulionuka nakala ya kiini. Kisha nikapanga mifuatano kwa kodoni na kujenga mti.