Nilivyonunua katapila la mtumba hapa Lubumbashi

Nilikuwa nimemwomba mwenye mali kwa simu, tena mara mbili, asiiwashe ile mashine kabla hatujafika. Tukafika saa moja asubuhi kwenye yadi yake, barabara ya Likasi, mlinzi bado anajifunga mkanda. Papa Fundi, mzee niliyekuja naye kuikagua, hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye lile katapila, D6 ya Caterpillar, akafungua kifuniko cha pembeni, akaweka kiganja kwenye bloku ya injini, kisha akaniita.

"Mwana, weka mukono."

Nikaweka. Ilikuwa na joto la sufuria ya bukari (ugali) iliyoepuliwa si muda mrefu.

Siku hiyo sikuelewa mara moja kwa nini mzee alikasirika vile. Alinieleza njiani. Injini ya dizeli iliyochoka, ringi za pistoni zimelika na mgandamizo umepungua, shida yake yote iko asubuhi ikiwa baridi. Stata inazunguka mpaka betri inalia, halafu moshi mweupe unajaa uani. Lakini ukishaipasha joto, hata ile inayokaribia kufa inawaka kwa ufunguo mmoja na kunguruma kama mpya. Kwa hiyo aliyeiamsha kabla yako anajua unachotafuta, na hataki ukione.

Hata hivyo tuliizunguka, maana tulishalipa teksi. Rangi ya njano ilikuwa bado inanukia. Walikuwa wamepaka hadi mipira ya hidroliki na vichwa vya kuwekea grisi. Mita ya masaa ilisema 3,100, lakini pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinang'aa na kiti kilishonwa upya. Meno ya lile gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo yalikuwa yamechongoka kama ya mamba. Mzee aliyagusa kwa kidole kimoja, akasema tu, "Twende." Bei waliyotaka ilikuwa dola 38,000.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nanunua mikaratusi iliyosimama, kwenye mashamba ya watu waliopanda wenyewe nje ya mji upande wa Kasenga, nakata, natoa nguzo za jukwaa za mafundi wa ujenzi na mbao za paa. Si mukula, ule mti wa mbao nyekundu. Huku ukisema unakata miti kila mtu anafikiri mukula na makontena, lakini mukula uko tangu 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mimi sitaki kulala nikiwaza lori langu limekamatwa wapi. Mikaratusi inaniletea chakula na usingizi.

Shida yangu haikuwa kukata. Misumeno miwili ya injini inatosha. Shida ilikuwa kulitoa gogo shambani hadi mahali lori linapoweza kufika, mita 400, pengine 600, na mteremko katikati. Gogo la mita 4 lenye upana wa sentimita 35 ni karibu mita za ujazo 0.4, na mkaratusi mbichi ni mzito, kwa hiyo hapo unaongelea kilo 400 hivi. Vijana wanane na kamba, siku nzima, magogo ishirini. Trekta la shamba tulilokodi lilisaidia mpaka siku lilipoinua pua kwenye mteremko na dereva akaruka. Hakuumia, ila hakurudi tena kazini.

Kwanza nilitamani skida, lile trekta la magurudumu manne makubwa linalojikunja katikati, lililotengenezwa mahususi kwa kuburuta magogo. Niliona picha za Caterpillar 518 Afrika Kusini, bei si mbaya. Nikaanza kupiga hesabu ya kuileta hadi mpakani Kasumbalesa na kuivusha. Papa Fundi, ambaye alitumia miaka mingi kwenye karakana za mgodi kabla ya kustaafu, aliniuliza swali moja: gurudumu likipasuka, utanunua lingine kwa nani hapa Lubumbashi? Nilizunguka wiki nzima na swali hilo, hadi mitaa ya Kenya na Ruashi, humu humu mjini. Injini ya 518 ni ya aina ya 3304, hiyo kila fundi hapa anaijua. Lakini matairi yale ya msituni yenye ngozi nene hakuna aliyekuwa nayo, na kile kiungo cha katikati hakuna aliyewahi kukifungua. Nikaiacha skida.

Kwa hiyo katapila la minyororo. Na hapo ndipo nilipokosea kwa kutamani D6, kwa sababu mji huu umejaa D6, D7, D8 zilizotoka migodini, na mtu akiona kubwa kwa bei inayozidi ya dogo kidogo tu anaona ameokota. D6 ina zaidi ya tani 14. Kwa magogo yangu ya kilo 400 ni kama kukodi basi kwenda kununua nyanya. Inakunywa mazutu (dizeli), inaharibu njia shambani, na mwenye shamba anataka kupanda tena pale nilipokata. Nilihitaji D4, tani 9 hivi, na hizo ndizo adimu, maana migodi haikuwa na kazi nazo sana.

Niliipata ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, D4E, nyuma ya gereji moja upande wa barabara ya Kipushi. Ilikuwa ya mkandarasi mdogo aliyekuwa akiitumia kwenye machimbo ya mchanga. Mbaya kwa sura! Boneti halipo, kiti ni ubao wenye gunia, rangi imebaki kwenye mikunjo tu. Kuku walikuwa wamelala chini yake. Mzee aliweka mkono kwenye bloku, ilikuwa baridi kama jiwe, na hapo akavua koti.

Tulikaa pale karibu masaa matano. Kwanza alichomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, akapaka oili kwenye kidole na kukisugua: nyeusi, sawa, lakini haina utelezi wa maji wala rangi ya maziwa. Rejeta ilikuwa na maji safi yasiyo na mafuta juu. Ndipo akaomba iwashwe. Ilizunguka muda wa kumaliza Baba Yetu nusu, ikawaka, moshi mweupe ukatoka, ukaanza kupotea ndani ya dakika tatu. Moshi wa bluu ungemfanya avae koti lake, maana huo ni oili inayoungua. Kisha injini ikiwa inazunguka polepole akalegeza kifuniko cha kujazia oili na kukiacha kimekaa juu ya tundu lake. Kikawa kinatikisika kidogo lakini hakikuruka. Kingekuwa kinasukumwa na moshi wa kupuliza, maana yake hewa ya kuungua inapita kando ya pistoni.

Halafu miguu. Mzee ana neno lake: "Nyama ya hii masini ni miguu, ile ingine ni manguo tu." Minyororo, rola, gurudumu la mbele na lile la meno: kwenye katapila vitu hivyo vinaweza kula karibu nusu ya pesa yote ya matengenezo katika maisha ya mashine. Alisafisha matope kwa bisibisi mpaka pini zikaonekana, akakaza mnyororo kwa kuingiza kipande cha chuma katikati ya meno na kuirudisha mashine nyuma kidogo, ndipo akatoa futi ya kupimia. Kwenye D4E, kutoka pini moja hadi ya pili, mnyororo mpya una milimita 171 na ushee. Unapima nafasi nne kwa pamoja ili kosa la futi lisikudanganye: mpya ni kama 686. Kulia tulipata 693, kushoto 695. Umevutika, ila haujaisha. Meno yalikuwa bado na mabega mapana. Rola ya tatu ya kushoto ilikuwa na alama ya oili iliyolowesha vumbi likaganda.

Kitu nilichokipenda zaidi ni sumaku. Ameing'oa kwenye spika ya redio mbovu na kuifunga uzi. Alifungua tundu la oili ya giaboksi ya mwisho, ile iliyo pembeni kwenye gurudumu la meno, akaishusha kama anayevua samaki, akaipandisha. Ilirudi na unga mwembamba wa kijivu, kama majivu. "Hii ni kuzeeka," alisema. Tungepata vipande vinavyochoma kidole, hapo ni meno ya gia yanakatika. Upande wa pili pia unga. Bledi, lile koleo kubwa la mbele, waliiinua, tukazima injini, tukaenda kunywa soda. Tuliporudi ilikuwa imeshuka kama upana wa kiganja. Si nzuri, si mbaya.

Winchi ya nyuma, ile ya kuvutia magogo kwa kamba, ambayo ndiyo hasa nilikuwa naitaka, haikuwa na kamba. Muuzaji akasema, "Patron, winchi ni nzima, ni kamba tu." Mzee alitaka tutafute kamba popote tuvute hata gari lililokufa. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mvua zikikaribia, na mimi nilikuwa na mteja wa nguzo anayenipigia kila jioni. Nikasema haina haja. Maneno hayo yamenigharimu dola 1,900 na wiki tano. Maji yalikuwa yameingia ndani miaka mingi, sahani za klachi zimeshikana kwa kutu mpaka tulizitenganisha kwa patasi.

Bei: alitaka 19,000, tukamaliza kwa 15,500, na nilitumia ile rola inayovuja kupunguza 800 kati ya hizo. Karatasi ndizo zilizonichelewesha kuliko bei. Mashine nyingi za hapa ziliingia nchini kwa jina la kampuni ya madini, na Sheria ya Madini (Code minier) ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawapa ushuru wa kuingiza uliopunguzwa. Ikiuzwa kwa mtu kama mimi nisiye na haki hiyo, tofauti ya ushuru inadaiwa, na forodha hawatamfuata aliyeuza akiwa ameshaondoka. Kwa bahati hii ilikuwa na karatasi zake za forodha za ushuru kamili, za mwenye mali wa kwanza. Nililinganisha namba ya kwenye kibati na namba iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kwenye karatasi, moja moja, kwa tochi ya simu. Kwenye karatasi herufi moja ilikuwa imekosewa. Mthibitishaji wa hati alikataa kuweka muhuri mpaka irekebishwe, nikamlaani kimoyomoyo siku tatu. Leo namshukuru.

Kitu ambacho sikukihesabu kabisa ni kuisafirisha. Katapila haliendeshwi barabarani, minyororo ingekula lami na lami ingekula minyororo. Lori la kubebea mashine, lile la kitanda cha chini, lilitaka dola 900 kwa safari moja, na mwenye lori akasisitiza bledi itolewe kwa sababu ya upana. Tukaitoa, tukaibeba kwa gari lingine, dola 120 zaidi. Njia ya kuingia shambani ilikuwa na daraja la magogo ambalo dereva alilitazama, akashuka, akalitembelea huku na huko akirukaruka juu yake, akakataa. Tukaishushia D4 kabla ya mto, ikapita majini yenyewe kwenye kivuko cha chini, maji hayafiki hata nusu ya minyororo. Vijana walipiga kelele kama kwenye mechi.

Winchi ilipopona ilikuwa imeshafika Oktoba. Siku ya kwanza ya kazi kamili tulitoa magogo 64. Dereva ni yule yule kijana aliyekuwa msaidizi kwenye trekta, Papa Fundi alimkalia pembeni siku nne akimfundisha kugeuka bila kukaza mnyororo mmoja ghafla. Mazutu ni lita 10 hadi 11 kwa saa, nimepima mwenyewe kwa jerikani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha wanapiga grisi, na natia saini kwenye daftari kwamba nimeona.

Rola ya tatu ya kushoto bado inavuja. Nimepata nyingine iliyotumika, dola 140, iko chini ya kitanda changu imefungwa kwenye gunia. Mvua zikizidi na lori likashindwa kufika, tutaifunga.