Kwa mnaokuja Uingereza kufanya utafiti wa dawa na ini

Wengi wanaotoka Dar, Nairobi au Kampala kuja kusomea uzamivu katika fani hii huwa wameiva kwenye biokemia ya darasani. Kinachowasumbua maabara ni kwamba wanaitafuta sumu ndani ya dawa, kumbe mara nyingi ini lenyewe ndilo linaloitengeneza.

Chukua parasetamo, hiyo hiyo Panadol ya dukani. Kwa dozi ya kawaida, sehemu kubwa huunganishwa na asidi ya glukuroni au salfeti, ikatoka na mkojo. Sehemu ndogo hupitia kimeng'enya cha CYP2E1, kimoja cha jamii ya CYP inayobadilisha dawa ndani ya ini, na kugeuka NAPQI, kemikali kali inayonasa kwenye protini za seli. Glutathioni, kinga ya asili iliyomo ndani ya seli, huiwahi na kuizima. Dozi ikizidi, glutathioni huisha na seli huanza kufa. Mitchell, Jollow, Gillette na Brodie walilionyesha hilo Bethesda, Marekani, mwaka 1973. Ndiyo maana hospitali hutoa asetilisisteini, inayosaidia seli kutengeneza glutathioni upya, na ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu mtu ameze.

Sasa mwage parasetamo kwenye seli za HepG2, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini, ambazo kila maabara inazo kwa kuwa ni rahisi kuzikuza. Zitavumilia. Si kwamba dawa ni salama, ila seli hizo zina CYP kidogo mno. Seli halisi za ini la binadamu ni bora, lakini ni ghali, na vimeng'enya vyake hushuka haraka ndani ya siku moja au mbili kwenye sahani. Panga kazi yako mapema.

Kwa hatua ya kwanza, tumia mikrosomu, yaani vipande vidogo vya utando wa seli za ini vyenye vimeng'enya vya CYP. Suuza ini kwa KCl baridi mpaka damu iishe, maana himoglobini huharibu kipimo cha CYP. Lisage barafuni, lizungushe kwa 9,000 g dakika 20, chota maji ya juu bila kugusa utando wa mafuta, kisha yazungushe kwa 100,000 g kwa saa moja. Mashapo yanayobaki chini ndiyo mali. Yapime kwa kaboni monoksaidi: kilele cha ufyonzaji wa mwanga kiwe nanomita 450. Kikihamia 420, kimeng'enya kimeharibika. Usiendelee nayo, hata kama profesa ana haraka.

Mchanganyiko unaofanya kazi: bafa ya fosfeti 100 mM, pH 7.4, protini 1 mg/ml, parasetamo 1 mM, glutathioni 5 mM ya kuitega NAPQI. Upashe moto kwa dakika 5 kwenye 37 °C, anzisha kwa NADPH 1 mM, inayokipa kimeng'enya elektroni za kufanyia kazi, na baada ya dakika 30 simamisha kwa asetonitrili baridi, ujazo ule ule. Kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, parasetamo iliyoungana na glutathioni huonekana kwenye m/z 457. Weka na mrija usio na NADPH. Ukiona 457 humo pia, kuna uchafu mahali.

DMSO, kimiminika cha kuyeyushia dawa, ndiyo mtego mkubwa. Huyeyusha karibu kila kitu, kwa hiyo watu huitumia kwa mazoea, lakini inazuia CYP2E1. Ukiyeyushia parasetamo ya panya humo, panya hao watapona na wewe utaandika kwamba umegundua kinga. Tumia maji ya chumvi ya vuguvugu; yakipoa, fuwele hujitokeza ndani ya sindano. Panya wadogo weusi wa C57BL/6 hupewa 300 mg/kg baada ya kunyimwa chakula usiku kucha, ili glutathioni ishuke. Kundi moja likila na jingine lisile, usijisumbue kulinganisha ALT zao, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia. Panya wakubwa wa maabara hawafai hapa, ini lao ni sugu mno kwa dawa hii.

Kabla ya kugusa mnyama yeyote lazima uwe na leseni binafsi kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, na kozi yake. Iombe mara tu unapofika. Kwa ini la binadamu, wahi chanjo ya homa ya ini B.

Jambo moja linalotuhusu zaidi sisi. Mikrosomu za kununua ni mchanganyiko wa maini ya watu wengi, na kwa kawaida wengi wao ni Wazungu. Efavirenzi, dawa ya VVU, husagwa na CYP2B6, na aina yake ya kasi ndogo, 516T, ni ya kawaida kwetu Afrika. Mwombe muuzaji jenotaipu, yaani aina za jeni, za waliotoa maini kabla hujalipa. Akiwa hana, nunua ya mtu mmoja mmoja aliyepimwa.